Ghala moja la barafu, wakubwa tisa: jibu kwa meneja wa Lamu

SWALI: Asalaam aleikum, Maalim. Mimi ni msichana, meneja wa ghala la barafu na samaki la chama cha ushirika cha wavuvi hapa Lamu. Nina stashahada ya usimamizi. Chuoni tulikaririshwa kwamba kazi za meneja ni kupanga, kuandaa, kuongoza na kudhibiti, pamoja na zile kanuni 14 za Henri Fayol. Kazini sizioni. Kamati ina wajumbe 9, na kila mjumbe hupita ghalani na amri yake: huyu mpe barafu kwa deni, yule usimpe, kijana huyu mtoe kwenye mizani umweke wangu. Mmoja wao ni ami yangu, mwingine shemeji. Mwisho wa mwezi hesabu ikipungua, naulizwa mimi. Mchana kutwa ni simu na kelele, sipati hata saa moja ya kukaa nikapanga. Je, kanuni hizi ziliandikwa kwa viwanda vya Ulaya, sisi hazituhusu? Au mimi ndiye sijui kazi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwa uliyoyaeleza, kazi unaijua. Unachokosa ni kitu ambacho stashahada haikupi, na kamati ndiyo yenye kukitoa: mamlaka yanayolingana na lawama unayobebeshwa. Hilo ndilo jibu langu, na mengi ya nitakayoandika hapa chini ni kulifafanua.

Kwanza tumtoe Fayol kwenye ile orodha ya kukariri. Hakuwa profesa. Alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe, aliyeingia kazini huko Commentry, Ufaransa, mwaka 1860 akiwa na miaka 19, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupambana na moto uliokuwa ukiwaka chini kwa chini mgodini. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni nzima ikiwa taabani, inaelekea kufilisika. Alipoiachia mwaka 1918 ilikuwa imesimama. Maandishi yake maarufu, yaliyotoka mwaka 1916, ni ya mtu wa kazi aliyekuwa akijaribu kueleza alichokuwa akikifanya miaka yote ile. Kuhusu hizo kanuni 14, mwenyewe alisema wazi kwamba hakuna kitu kigumu kisichopindika katika mambo ya uongozi, na kwamba idadi ya kanuni haina kikomo maalumu. Basi anayekuambia uzitekeleze zote 14 pale Lamu kama zilivyo, ameisoma orodha, hakumsoma mtu.

Kazi za meneja alizozitaja yeye zilikuwa 5: kutazama mbele na kupanga, kuandaa, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Wenye vitabu waliokuja baadaye waliunganisha kuamuru na kuratibu wakaita kuongoza, zikabaki zile 4 ulizofundishwa. Mmarekani Luther Gulick, mwaka 1937, alizifikisha 7, akaingiza ajira, ripoti na bajeti. Hesabu hiyo isikusumbue. Ubaya wa kuzikariri kwa mpangilio ni kwamba mtu hudhani zinakwenda kwa foleni: Januari napanga, Februari naandaa, mwisho wa mwaka nadhibiti. Kumbe zinaingiliana kila siku. Wewe unaulizwa kwa nini barafu imepungua, yaani unadhibitiwa, wakati hakuna aliyewahi kukaa akasema barafu kiasi gani ilitakiwa iende kwa nani na kwa masharti gani. Udhibiti usio na mpango nyuma yake ni kutafuta mtu wa kulaumu.

Kuna jambo jingine la Fayol ambalo vyuo hulipita mbio, nami naliona lina faida kwako kuliko kanuni zote. Aligawa shughuli za kampuni mafungu 6: ufundi, biashara, fedha, usalama, uhasibu, na lile la 6 ndilo uongozi wenyewe. Akasema kadiri mtu anavyopanda cheo, ndivyo fungu la ufundi linavyopungua kwake na la uongozi linavyoongezeka. Sasa watazame wajumbe wako. Nadhani wengi wao ni wavuvi waliokomaa, wanaojua nyavu za jarife, mitego ya dema na mshipi, wanaoweza kumtazama nguru machoni na matamvua wakakwambia amekaa muda gani nje ya barafu. Katika ufundi wanakushinda wote. Wamechaguliwa kwa sababu ya ufundi huo na heshima yake, kisha wakapewa kazi ya kuongoza ambayo hakuna aliyewaeleza ni ipi. Wanaingia ghalani kwa sababu ghalani ndiko wanakojiona wana la kufanya. Ukilijua hili, hasira itapungua, na utajua pia pa kuanzia: wape kazi yao, nao watakuachia yako.

Kazi yao ni ipi? Kuamua bei ya barafu, kiwango cha deni, nani aajiriwe kwa utaratibu gani, faida ya chama itumikeje, kisha kukudai hesabu kwa siku maalumu. Kazi yako ni kuyatekeleza hayo kila siku bila kushikwa mkono. Mjumbe akiwa peke yake ghalani si kamati. Ni mwanachama kama wanachama wengine, isipokuwa kamati yenyewe iwe imemtuma.

Wazee wetu walilimaliza suala hili kwa kusema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Fayol aliliita umoja wa amri: mfanyakazi apokee amri za kazi kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Lakini nikutendee haki kama mtu uliyesoma: si wote waliokubali. Frederick Taylor, Mmarekani wa zama zake, katika maandishi yaliyotoka mwaka 1903, alipendekeza mfanyakazi mmoja wa kiwandani awe na wasimamizi 8, kila mmoja na eneo lake: huyu mwendo wa kazi, yule ukaguzi, mwingine matengenezo. Fayol alimpinga hadharani kwa hilo. Mimi niko upande wa Fayol, ila hata Taylor usidhani angewaunga mkono wajumbe wako. Wasimamizi wake 8 walikuwa na mipaka, kila mmoja akizungumzia jambo lake tu. Wajumbe wako 9 wanazungumzia yote, kila mmoja kwa wakati wake. Kamati ikipenda mfumo wa Taylor, iseme: mweka hazina ndiye wa madeni, katibu ndiye wa ajira, na wengine wote wanyamaze juu ya hayo. Utaweza kuishi nao. Usiloweza kuishi nalo ni kijana wa mizani kuambiwa na mtu mmoja asubuhi afungue na kuambiwa na mwingine adhuhuri afunge.

Tuje kwenye deni, maana humo ndimo pesa inamopotelea. Kanuni ya Fayol inasema mamlaka na wajibu viende pamoja. Kwako vimetengana: mjumbe ana mamlaka ya kusema mpe, na mvuvi asipolipa, wajibu wa kulijibia deni ni wako. Wengi wangekushauri ukatae deni kabisa, ubandike karatasi ukutani. Mimi sikushauri hivyo. Mvuvi asiye na pesa ya barafu anarudi kwa tajiri, tajiri anampa barafu, mafuta na posho, na tangu siku hiyo samaki wake ni wa tajiri kwa bei ya tajiri. Nadhani chama chenu kiliundwa ili mtu apate pa kukimbilia asishikwe namna hiyo. Ukifunga deni lote, ghala litakuwa na hesabu safi na halitakuwa na samaki. Kwa hiyo deni libaki, lakini liwe uamuzi wa kamati nzima uliopangwa kabla, si fadhila ya mjumbe aliyepita njiani.

Ningeandika hivi, na ningeomba kamati ipitishe kikaoni na iingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Kila chombo kina kikomo cha deni, mashua na hori, ule mtumbwi mdogo, visiwe sawa. Deni linakatwa kwenye samaki wa safari ile ile wakati wa kupima. Chombo chenye deni la safari 2 kinanunua taslimu mpaka kimalize. Na mjumbe anayetaka mtu wake apewe nje ya kikomo, aruhusiwe, lakini aweke saini kama mdhamini, na lisipolipwa likatwe kwenye samaki wake yeye. Hapo mamlaka na wajibu vimerudi nyumba moja. Utaona saini zitakavyokuwa adimu.

Usione unawadhulumu wazee. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya, ya mwaka 1997, inawataka wajumbe wa kamati waendeshe mambo ya chama kwa busara na bidii ya mfanyabiashara wa kawaida, na inawabebesha kwa pamoja hasara inayotokana na matendo yao yaliyo kinyume cha sheria, kanuni za chama au maagizo ya mkutano mkuu. Wajumbe wengi hawajui kuwa mifuko yao imo humo. Mwombe afisa wa ushirika wa kaunti aje awasomee kifungu hicho. Kikisomwa na wewe kitasikika kama kiburi cha msichana aliyesoma, na kikisomwa na yeye ni sheria ya nchi.

Sasa ami yako. Hapa Fayol hana msaada mkubwa, yeye alizoea kampuni ambayo mkubwa ni mkubwa. Anayesaidia ni Mary Parker Follett, mwanamke wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye kabla ya kuwashauri wenye viwanda alifanya kazi miaka mingi katika vituo vya jamii vya Boston, kwa hiyo alijua watu wanaokutana kama majirani kabla ya kukutana kama wakubwa na wadogo. Yeye alisema amri isitoke kwa mtu kwenda kwa mtu. Mkubwa na mdogo waitazame hali iliyo mbele yao pamoja, na wote wawili waitii hali. Kwako maana yake ni hii: usimwambie ami yako hapana. Mwoneshe daftari. Mwambie, "Ami, chombo hiki kina deni la safari mbili, na kikao cha kamati kilichokaa na wewe ukiwemo kilisema taslimu. Nikikupa leo, kesho nitamjibu nini shemeji?" Hujamkatalia, na adabu yako iko pale pale. Umemkumbusha neno alilolisema mwenyewe. Ila hili linafanya kazi kwa sharti moja zito: siku mtu wako wa karibu, hata kaka yako wa tumbo moja, atakapokuja na deni la safari 2, naye asomewe daftari lile lile. Lamu mji mdogo, habari itakuwa imefika kijiji cha Shela kabla hujafunga ghala.

Kuhusu kupanga. Umesema hupati saa ya kupanga, na nadhani unafikiria ule mpango wa chuoni wenye dira, dhamira na jedwali la robo mwaka. Fayol naye alikuwa na mpango wa mwaka na wa miaka 10, lakini alikuwa na migodi. Wewe una bahari, na bahari ina kalenda mbili. Upepo unakwenda kwa mwaka wa jua, ndiyo maana wazee waliohesabu miongo ya Nairuzi, yaani makumi ya siku tangu mwaka mpya wa jua wa Waswahili, walijua kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, itaanza lini na kusi, wa kutoka kusini, itakaza lini. Maji yanakwenda kwa mwezi: bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yaani madogo, katikati yake. Ramadhani nayo iko kwenye mwezi, na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, mfungo unahama. Huingia wakati wa kaskazi miaka kadhaa, kisha ukasogea kuelekea miezi ya kusi. Meneja anayenakili mauzo ya Machi ya mwaka jana na kuyafanya makadirio ya Machi ya mwaka huu anaweza kukuta mwezi mmoja ulikuwa wa mfungo na mwingine si wa mfungo, na mama karanga, wanawake wanaokaanga samaki wa kuuza, waliokuwa wakinunua asubuhi sasa wananunua alasiri wakikaangia futari.

Kwa hiyo mpango wako uwe karatasi moja yenye safu mbili, jua na mwezi. Kwenye safu ya jua weka mambo makubwa: kusi inapokaza na vyombo vidogo kubaki ndani ya miamba, mahitaji ya barafu yakishuka, huo ndio wakati wa kufungua mashine, kuagiza vipuri Mombasa na kuwapa vijana likizo. Ukiagiza kipuri kaskazi imeshaingia, utakingoja huku vyombo vikirudi na samaki waliolegea. Kwenye safu ya mwezi weka zamu. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ghala linalofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni mwaka mzima ni ghala la ofisi, si la wavuvi. Vijana wawe na ratiba ya wiki mbili inayofuata maji, ibandikwe mlangoni, na manahodha waione. Huko ndiko kuandaa. Tena ukiwa na ratiba iliyobandikwa, mjumbe hawezi kumtoa kijana kwenye mizani kirahisi, maana atakuwa anabandua karatasi iliyopitishwa na kamati.

Na ile kero ya siku kukatika vipande vipande, usidhani ni ugonjwa wako. Henry Mintzberg, mtafiti wa Kanada, aliwafuata wakuu 5 wa mashirika akiandika kila walichofanya, na mwaka 1973 akachapisha alichokiona: nusu ya shughuli zao zilidumu chini ya dakika 9. Simu, mtu mlangoni, barua, mtu mlangoni tena. Ndivyo kazi ilivyo. Sijaona meneja aliyepata saa 3 za utulivu kila siku, na nikimwona nitamtilia shaka. Unachoweza ni kupunguza simu zisizostahili kuwa zako. Nahodha aliyeko Kizingitini, kisiwani Pate, akitaka kujua kama kuna barafu, ampigie kijana wa zamu moja kwa moja, si mwenyekiti ambaye atakupigia wewe ambaye utamuuliza kijana. Fayol mwenyewe aliruhusu daraja la namna hii: watu wa ngazi za chini wa pande mbili wazungumze wenyewe, mradi wakubwa wao wamekubali na wanaarifiwa yaliyokubaliwa. Waliomwona mtu wa ngazi na protokali tu, hili hawakuliona.

Udhibiti nauacha mfupi, kwa sababu ni kazi ya daftari zaidi kuliko ya maneno, na mali bila daftari hupotea bila habari. Barafu yako igawe sehemu nne kila jioni: iliyouzwa taslimu, iliyotoka kwa deni, iliyotumika kwa samaki wa chama, na iliyopotea. Hiyo ya nne ndiyo mwalimu. Wiki moja, wewe mwenyewe, pima ni kiasi gani huyeyuka kwa kawaida, stima ikiwepo na ikikatika. Tuseme mashine imetoa kilo 1,000 na umegundua kuyeyuka ni kilo 80 hivi. Siku iliyopotea ikawa 90, nyamaza. Ikawa 200, uliza siku ile ile, usingoje mwisho wa mwezi. Bila kipimo hicho, kila upungufu utaitwa kuyeyuka, na hutakuwa na la kumjibu anayekutilia shaka wewe. Na asiwepo mtu mmoja anayepima, anayepokea pesa na anayeandika. Hata awe mwaminifu vipi, wagawie watu wawili angalau. Pesa ziingie kwenye simu ya chama pale inapowezekana, mweka hazina azione bila kukuuliza. Hilo linakulinda wewe kuliko linavyomlinda yeye.

Kanuni za Fayol zilizobaki, nyingi huna haja nazo leo. Ya haki ya malipo ninyi watu wa pwani mnaijua tangu zamani: pato la safari likitolewa gharama, kuna fungu la chombo, la nyavu na la mabaharia, na kila mtu anajua lake kabla ya kung'oa nanga. Jiulize tu kama vijana wako wa ghala wana uhakika huo, au mshahara wao hutoka ikibaki. Kama hutoka ikibaki, anza hapo hata kabla ya yote niliyosema, kwa sababu kijana asiyelipwa kwa tarehe atajilipa kwa mizani.

Hatua ya kwanza basi ni kikao. Usiende na malalamiko, wala usitaje jina la mjumbe yeyote. Nenda na karatasi tatu: kanuni ya deni, ratiba ya zamu, na hesabu ya wiki moja ya zile sehemu nne. Zungumza kwanza faragha na mwenyekiti, ikiwezekana nyumbani kwake, ili asizione karatasi kwa mara ya kwanza mbele za watu. Chagua siku ya maji mafu ambayo wajumbe hawana haraka ya kutoka. Wakizipitisha, omba zisainiwe siku ile ile. Wakikataa kanuni ya deni, usigombane. Omba jambo moja tu liandikwe katika kumbukumbu: kwamba deni la barafu litaendelea kutolewa kwa neno la mjumbe mmoja mmoja, na kwamba kuanzia leo meneja haulizwi juu ya deni ambalo hakulitoa yeye. Katibu atakaposhika kalamu kuiandika sentensi hiyo, na kila mmoja akasikia jinsi inavyosomeka, huenda wakaiomba tena ile karatasi yako ya kwanza.